Marehemu wetu wako wapi sasa hivi? Wakristo wa Tanga, tulizungumze hili kabla hatujagombana tena makaburini

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linawaumiza watu wakati ambao hawana nguvu hata ya kujibu. Kwenye misiba ya Kikristo hapa mjini kumezuka tabia ya kugombania marehemu yuko wapi, na ugomvi wenyewe unafanyika pale pale kaburini. Karibuni nilikuwa kwenye mazishi ya kijana mmoja. Upande wa mama ni Wakatoliki, wakaanza ile sala yao ya raha ya milele umpe ee Bwana. Hawajamaliza, ndugu mmoja aliyeokoka akachukua maikrofoni akasema maiti haombewi, kesi yake imeshafungwa. Mzee mwingine, Msabato, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote kwamba hao wawili wanapotosha, kijana amelala na hajui lolote. Mama mtu alikuwa kwenye mkeka, kanga kichwani, anawasikiliza watu wazima wakimgawana mwanawe.

Mimi si mchungaji wala padri. Baba yangu ni Mwanglikana wa Muheza, mama ni Msabato aliyeolewa akitokea Upare, na ukweni kwangu ni Wakatoliki watupu. Hoja hizi nimelala nazo nyumba moja tangu utoto, na ukubwani nimekaa kuzisoma. Nimefikia jambo moja ambalo naliamini kwa moyo wote: tunagombania muda wa kati, yaani kati ya kufa kwa mtu na siku ya mwisho, halafu mwisho wenyewe, ambao madhehebu yetu yote yanaukiri kwa kinywa kimoja, tunausahau. Mwisho huo ni ufufuko wa mwili. Sikilizeni mahubiri ya misiba yetu. Mara ngapi mnasikia neno hilo likielezwa? Tunaambiwa "ametangulia", "amekwenda kupumzika", "yuko mikononi mwa Baba", kisha tunaingia kwenye wali.

Kwanza niseme kila upande unaamini nini, kwa sababu nimegundua wengi wanapinga kitu ambacho mwenzao hata hajakisema.

Wakatoliki wanafundisha kwamba mtu akifa tu anapata hukumu yake binafsi. Aliye safi kabisa anamwona Mungu mara moja. Papa Benedikto XII alilitamka hilo rasmi mwaka 1336, baada ya mabishano makali kuhusu kama watakatifu wanasubiri hadi mwisho wa dunia. Aliyekataa upendo wa Mungu hadi pumzi ya mwisho anajitenga naye, na hiyo ndiyo jehanamu. Aliyekufa katika neema lakini bado ana takataka za kutakaswa anapita toharani. Watu wengi wanadhani toharani ni nafasi ya pili kwa waovu. Sivyo. Kila aliyeko toharani ameshaokoka, anakwenda mbinguni, hakuna anayetoka pale kwenda motoni. Andiko lao kubwa ni 2 Wamakabayo 12, ambapo Yuda Mmakabayo anachangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa. Kitabu hicho kimo katika Biblia ya vitabu 73, katika ile ya vitabu 66 hakimo. Kwa hiyo Mkatoliki na Mlutheri wakibishana kuhusu kuwaombea wafu, mara nyingi mmoja ananukuu ukurasa ambao mwenzake hana.

Walutheri, na hapa kwetu ndio warithi wa wamisionari wa Kijerumani walioanza kazi Usambara mwaka 1891, waliikataa toharani tangu siku za Martin Luther, mwanzilishi wa njia yao. Chanzo cha hasira yake mwaka 1517 kilikuwa biashara: watu walikuwa wakiuziwa vyeti vya rehema kwa ahadi kwamba roho za wazazi wao zitatoka mapema. Hata Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipoithibitisha toharani mwaka 1563, uliwaagiza maaskofu wakomeshe tamaa ya fedha katika jambo hilo. Luther mwenyewe mara nyingi alikizungumzia kifo kama usingizi mtamu ambao mwenye haki anaamshwa na Kristo. Walutheri wengi leo wanasema aliyekufa katika imani yuko pamoja na Bwana, basi, bila kuchora ramani zaidi ya hapo.

Sisi Waanglikana wa Tanga tuna jambo letu ambalo wenzetu wa Dodoma na Morogoro huwa linawashangaza. Ibara ya 22 ya zile Ibara 39 za imani ya Kianglikana za mwaka 1571 inaikataa toharani jinsi ilivyokuwa ikifundishwa Roma. Lakini huku tuliletewa Injili na UMCA, shirika la wamisionari wa Kianglikana, watu wa ubani na kengele, waliotuachia desturi ya misa za marehemu na sala za kuwaombea. Kule kwa wenzetu walifika CMS, shirika jingine la wamisionari wa Kianglikana, ambao hawakutaka kabisa mambo hayo. Kanisa moja, nchi moja, na kaburini tunafanya tofauti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyepigania sana desturi hizo za kikatoliki ndani ya Uanglikana, alifariki Hegongo, kule kule Muheza, tarehe 2 Novemba 1924. Ni siku ya Marehemu Wote. Nikiwa mdogo nililiona hilo kuwa jambo kubwa, na bado naliona hivyo.

Wasabato, ambao waliingia nchini kupitia Giti, Upare, mwaka 1903, wanasema mtu hana roho inayoweza kuishi peke yake nje ya mwili. Mhubiri 9:5: "walio hai wanajua ya kwamba watakufa, lakini wafu hawajui neno lo lote". Mtu akifa analala, hana fahamu, hana uchungu, hana muda, mpaka Bwana atakaporudi. Na waovu mwishoni wanateketea na kwisha. Hawaungui bila kikomo.

Walokole wanasimama kwenye Waebrania 9:27, kwamba mtu amewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Aliyeokoka yuko na Bwana sasa hivi. Paulo katika Wafilipi 1:23 anatamani kwenda zake akae na Kristo. Kwao kumwombea aliyekwisha kufa ni kuchelewa, kwa kuwa uamuzi ulipaswa kufanyika akiwa hai.

Sasa angalieni. Wote hao, kila mmoja kwa kanuni yake, wanasema Yesu atarudi, na wafu watafufuliwa na miili yao. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana wanalisema kila Jumapili kwenye Kanuni ya Imani. Wasabato na Walokole wanalihubiri. Paulo anaandika sura nzima juu yake, 1 Wakorintho 15, na anakwenda mbali hadi kusema kama hakuna ufufuo, mahubiri yake ni bure na imani yetu ni bure. Kuhusu muda wa kati ana mistari michache tu hapa na pale. Kwa nini basi sisi tumeipa mistari michache nguvu ya kuvunja undugu, na sura nzima tumeiacha kabatini?

Na hili lina matokeo. Ukimwambia mama "roho ya mwanao imepaa" ukaishia hapo, unakuwa umemwambia mwili ule aliouzaa, akaunyonyesha na kuufulia nguo, si kitu tena. Ukristo hausemi hivyo. Unasema mwili ule unapandwa kama mbegu, ndiyo mfano wa Paulo mwenyewe, na kitakachoota ni kile kile lakini katika utukufu. Ndiyo maana tunaosha maiti kwa heshima, tunavalisha, tunazika kwa sala. Desturi ya zamani ya Wakristo ilikuwa hata kuzika miguu ikielekea mashariki, ili marehemu akiamka awe anatazama upande ambao Bwana anatarajiwa kutokea.

Karibuni. Naomba tu lugha iwe ya kiungwana, huenda anayesoma amezika wiki hii.

Mkazi wa Makorora

Ahsante kwa uzi, ndugu yangu. Mimi ni Muislamu, lakini mama yangu mdogo aliolewa kwa Wakristo, kwa hiyo misiba ya huko nahudhuria na jeneza nabeba. Sisi tunaamini kuna barzakh, yaani kipindi cha kati ya kifo na Kiyama, maiti anaulizwa kaburini na malaika Munkar na Nakir, kisha anasubiri Kiyama na atafufuliwa na mwili wake. Sasa kwa maelezo yako, mbona tumekaribiana? Tofauti iko wapi?

Mwanzisha uzi

Umeona vizuri, na nadhani ndiyo sababu hapa Tanga tunaweza kuzikana bila taabu kubwa. Kufufuliwa, kuhukumiwa, uzima usiokoma, hayo tunayashika wote. Tofauti iko kwenye msingi. Mkristo hasemi tu "Mungu ana uwezo wa kufufua". Anasema ameshaanza. Yesu alikufa msalabani kweli, akazikwa, siku ya tatu akafufuka na mwili wenye makovu, akala samaki mbele ya wanafunzi wake. Paulo anamwita limbuko lao waliolala, na limbuko ni mavuno ya kwanza, ikimaanisha mengine yanafuata. Najua ninyi juu ya msalaba hamsemi hivyo, na sitaki tuliingize hilo katika uzi huu. Ila ndipo tunapoachana.

Mpare wa Kange

Mkuu, umetutendea haki kiasi, lakini umepita haraka. Yesu mwenyewe alisema Lazaro amelala, Yohana 11. Siku nne kaburini, na alipotoka hakusimulia habari za mbinguni hata moja. Kama alikuwa kwa Baba, kumrudisha huku kwenye taabu kungekuwa rehema gani?

Mwanzisha uzi

Hiyo hoja mama yangu huwa anaitoa, na nakiri ni nzito. Wenzenu wanajibu kwa Luka 23:43, yule mwizi msalabani: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Ninyi mnasema maandiko ya kale ya Kigiriki hayakuwa na koma, kwa hiyo inaweza kusomwa kwamba Yesu anamwambia leo, habari ya pepo itakayokuja. Kuhusu alama za uandishi mna haki, hazikuwepo. Lakini watafsiri walio wengi huiweka koma kabla ya "leo", kwa sababu Yesu alikuwa akisema "amin nakuambia" mara nyingi bila kuongeza siku.

Mimi binafsi naegemea kwamba mwizi yule alikuwa na Bwana jioni ile ile. Hata hivyo sioni kwa nini nikutenge kwa hilo. Wewe unasema marehemu wetu anafumba jicho na kulifumbua mbele ya Yesu. Mimi nasema yuko naye tayari anasubiri mwili wake. Kwa marehemu mwenyewe, kitu cha kwanza anachokutana nacho baada ya kukata roho ni Kristo, kwa hesabu yako na kwa hesabu yangu.

Kijana wa Chumbageni

Mimi ndio wale walokole mnaowasema. Sipendi kilichofanyika na ile maikrofoni, lakini tusiwafariji watu kwa uongo. Kama mtu alikufa mlevi, tuseme nini?

Mwanzisha uzi

Tuseme tusichokijua hatukijui. Mwizi wa msalabani aliokoka akiwa na saa chache za kuishi, na aliyekuwa pembeni yake asingeweza kujua kama asingesikia. Hata Kanisa Katoliki, ambalo linatangaza watakatifu, halijawahi kutangaza jina la mtu mmoja kwamba yuko jehanamu. Wahubirie walio hai kwa nguvu zako zote, nitakuja kukaa mbele kabisa nikusikilize. Ila hukumu ya aliye kwenye jeneza haijawekwa mikononi mwako, na Waebrania 9:27 unaoupenda haimtaji mchungaji kuwa hakimu.

Mvuvi wa Sahare

Wakuu, mimi nina swali ambalo sijawahi kupata pa kuuliza. Kaka yangu alipotea baharini. Chombo kilionekana, yeye hakuonekana. Tulikaa msiba bila maiti, hatuna kaburi, mama mpaka leo hajui aende wapi Novemba wenzake wakienda kusafisha makaburi. Huo ufufuko wa mwili unamhusu vipi mtu ambaye mwili wake umeliwa na samaki?

Mwanzisha uzi

Pole sana, ndugu yangu. Pole na mama.

Swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani. Wakristo wa karne za kwanza waliulizwa hivyo hivyo na wapagani: wenzenu wameliwa na simba, wamechomwa moto, Mungu wenu ataokota nini? Walijibu kwamba aliyemwumba mtu pasipokuwa na kitu hashindwi kumrudisha pasipoonekana kitu. Na Ufunuo 20:13 inaitaja bahari kwa jina lake, kwamba itawatoa wafu waliomo ndani yake. Inatajwa bahari kabla ya mauti na kuzimu. Mtu aliyekuwa akiandika hayo alikuwa kisiwani Patmo, amezungukwa na maji.

Fikiria pia jambo lililopita hapa pwani yetu. Mmisionari na msafiri David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walitoa moyo wake wakauzika chini ya mti, kijana Jacob Wainwright akasoma ibada ya mazishi. Mwili wakaukausha juani, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874, ukalazwa kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu kabla haujavushwa Zanzibar na kupelekwa London. Moyo uko Zambia, mifupa iko Westminster. Hakuna kanisa linalosema mtu huyo atapata shida kufufuka. Utu wa mtu anaushika Mungu, hautegemei mahali ilipo mifupa. Kwa sababu hiyo hiyo Kanisa Katoliki, ambalo zamani lilikataza kuchoma maiti, liliruhusu mwaka 1963, ingawa bado linapendelea kuzika na mwaka 2016 lilikataza majivu kutawanywa.

Kuhusu mama: kama ni Mkatoliki, jina la kaka linatajwa kwenye misa kama la marehemu mwingine yeyote. Na mnaweza kumwekea msalaba wenye jina kwenye eneo la familia hata kama chini hakuna mtu. Nimeona familia zimefanya hivyo na mapadri wamekuja kubariki.

Mama wa Mabawa

Naomba kuuliza kuhusu arobaini. Kwetu wanasema roho inazunguka nyumbani siku arobaini, ndiyo maana chumba chake hakifungwi. Ni ya Kikristo?

Mwanzisha uzi

Hapana, dada. Hakuna hata moja kati ya makanisa niliyoyataja linalofundisha roho kuzungukazunguka nyumbani. Kukutana siku ya arobaini kwa sala, kugawana majukumu, kumaliza madeni ya marehemu, hilo ni jema na sioni ubaya. Ila msiache mlango wazi kwa hofu. Funga chumba, lala salama.

Mjane wa Mikanjuni

Nimesoma yote. Mume wangu alikuwa KKKT, mimi Mkatoliki, tulifunga ndoa miaka mingi. Kanisani tuliambiwa mpaka kifo kitutenganishe. Na Yesu alisema kwenye ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi. Basi nitamkuta kama nani? Nitamtambua? Pia nataka kufanya misa ya mwaka na shemeji zangu wanasema Walutheri hawaombewi.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Nitajibu kwa kadiri ninavyoelewa.

Yesu aliyasema hayo kwa Masadukayo, ambao hawakuamini ufufuo kabisa, na walimletea kisa cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba wakitaka kumkejeli. Alichokanusha ni kuoa na kuolewa, kwa sababu huko watu hawafi tena na hakuna uzazi wa kujaza nafasi za waliokufa. Hakusema watu watasahauliana. Papo hapo aliendelea kusema Mungu ni Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, akiwataja kwa majina, kila mtu na jina lake.

Na mtazame yeye mwenyewe alipofufuka. Mariamu Magdalena alidhani ni mtunza bustani, mpaka alipomwita "Mariamu". Sauti ile ile. Tomaso alionyeshwa makovu yale yale. Walichokuwa nacho pamoja hakikufutwa. Kwa hiyo nadhani utamtambua, naye atakutambua, na mliyotendeana mema katika miaka hiyo hayatakuwa yamepotea. Itakuwaje hasa, hatukuambiwa.

Kuhusu misa: wewe ni Mkatoliki, na imani yako inakuruhusu kumtolea nia ya misa mume wako. Nenda kwa paroko, mweleze kwamba marehemu alikuwa Mlutheri, ataipanga. Shemeji zako usiwalazimishe waje kwa jambo wanaloliona si sahihi. Wao waombe mchungaji wao afanye ibada ya shukrani kaburini asubuhi, msome 1 Wakorintho 15 pamoja, na misa yako iwe jioni. Atakayependa kuja aje. Chakula kiwe kimoja, nyumbani kwako, mchana katikati ya ibada hizo mbili.